Jinsi ya Kumfukuza Mfanyakazi wa Majaribio: Mwongozo kwa Bosi Mwenye Haraka

Bosi, umeshaamua. Yule kijana uliyemwajiri miezi minne iliyopita humtaki tena. Labda anachelewa, labda hesabu zake hazifungi, labda ana mdomo. Labda mpwa wako amemaliza chuo na anatafuta pa kukaa. Sababu unaijua wewe. Umeshika simu, ujumbe wa WhatsApp umeshaandikwa: "Kuanzia kesho usije, bado uko kwenye majaribio." Kilichobaki ni kidole tu.

Weka simu mezani kwanza. Nitakufundisha kumfukuza mtu wa majaribio hatua kwa hatua, kama sheria ya Tanzania Bara inavyotaka, na sitakuficha hata pale ambapo sheria imekuegemea wewe. (Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na mabosi wa huko waisome hiyo.) Nakutahadharisha mapema kwamba kazi ni ndefu kuliko ujumbe wako, na baadhi ya mabosi wakifika katikati ya hatua hizi hujikuta hawataki tena kumfukuza mtu.

Na wewe uliye kwenye majaribio, sogea usome begani kwa bosi. Mwongozo huu una faida kwako kuliko kwake.

Nianze na habari zitakazompendeza bosi, maana zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ina sehemu nzima inayomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki. Sehemu hiyo ndiyo inayomtaka mwajiri awe na sababu halali, afuate utaratibu wa haki, na akishindwa, mfanyakazi arudishwe kazini au alipwe fidia. Halafu kifungu cha 35 cha sheria hiyo hiyo, kama kilivyotungwa, kinasema sehemu hiyo haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Ni sentensi fupi, lakini imewafungia nje maelfu ya watu wanaoanza kazi kila mwaka.

Mahakama ya Rufani nayo haijawahurumia sana. Katika Rufaa ya Madai Na. 72 ya 2002, kesi ya kabla sheria hii haijaanza kutumika, ilisema majaribio ni usaili wa vitendo, na aliyeshindwa usaili hana pa kudai asikilizwe wala apewe sababu. Mwaka 2019, katika Rufaa ya Madai Na. 61 ya 2016 iliyomhusu mtu aliyekuwa akifanya kazi benki, ikasema muda wa majaribio kumalizika hakumgeuzi mtu kuwa amethibitishwa. Masharti ya kuthibitishwa lazima yatimizwe, na aliye kwenye majaribio hawezi kudai stahili za aliyethibitishwa. Hili liwaingie vizuri vijana wanaotembea wakisema, "Miezi sita imepita na bosi hajasema kitu, basi mimi ni wa kudumu." Kama huna barua ya kuthibitishwa, na masharti ya kuipata hayajatimizwa, kimya cha bosi hakikupi hadhi hiyo. Iombe barua kwa maandishi siku muda unapokwisha, usingoje ugomvi uanze.

Naona bosi umeshaanza kutabasamu. Sikiliza yaliyobaki.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mkataba ulioandika wewe mwenyewe. Je, upo? Umesema majaribio ni miezi mingapi? Umesema nini kuhusu namna ya kuachana? Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinataka majaribio yawe ya muda wa kadiri, usiozidi miezi 12, kwa kuangalia aina ya kazi, kiwango kinachotakiwa na desturi ya kazi hiyo. Dereva wa bodaboda ya kupeleka vifurushi hahitaji mwaka mzima ili ujue kama anafika na mzigo ukiwa mzima. Mhandisi wa mradi mkubwa anaweza kuhitaji muda zaidi. Ukimwekea mhudumu wa mgahawa majaribio ya miezi kumi na miwili, utaulizwa ni kitu gani hasa ulichokuwa ukikitazama muda wote huo.

Na kama mkataba wa maandishi haupo, usidhani umepata mwanya. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya sheria na wewe huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wako. Kijana akisema hapakuwa na majaribio yoyote, wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha kwamba yalikuwepo. Bosi aliyemwajiri mtu kwa mdomo akamfukuza kwa kisingizio cha majaribio anaegemea sharti ambalo hawezi kulionyesha.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo, Kanuni ya 10 ya Tangazo hilo. Nenda nayo polepole, kwa sababu mabosi wengi hawajawahi kuisoma na baadhi ya maofisa utumishi huisoma siku wanapoitwa kwenye usuluhishi. Inasema lengo la majaribio ni kumwezesha mwajiri apime kwa ufahamu kama mfanyakazi anaiweza kazi na kama anaifaa. Kwa hiyo katika kipindi chote unatakiwa kumfuatilia na kumtathmini, kukutana naye kila baada ya muda mzungumzie tathmini hiyo, na kumpa mwongozo, yakiwemo mafunzo au ushauri akihitaji. Ukiona hafikii kiwango, sharti umwambie, umpe nafasi ya kujibu, na umpe muda wa kutosha kujirekebisha. Akishindwa baada ya hayo yote, ndipo unamwachisha. Katika hatua hizo ana haki ya kuwakilishwa na mfanyakazi mwenzake au chama cha wafanyakazi.

Mawakili wa waajiri husema kanuni haiwezi kufungua mlango uliofungwa na sheria mama. Hoja hiyo ina uzito, lakini kifungu cha 99 cha sheria hiyo hiyo mama kinamtaka kila anayeitafsiri au kuitumia azizingatie kanuni za utendaji bora, na akiziacha aeleze kwa nini ameziacha. Kwa hiyo ukiiruka Kanuni ya 10, jiandae kueleza. "Nilikuwa na haraka" ni maelezo ambayo sijui ni nani atakayeyapokea.

Hebu tuione kazi yenyewe. Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na hesabu za kijana wa stoo hazilingani na vitabu. Tunaijua njia ya mabosi wengi. Mwezi wa kwanza wananuna. Mwezi wa pili wanawalalamikia wauzaji wengine, kijana akipita wananyamaza. Mwezi wa tatu wanamkaripia mbele ya wateja. Mwezi wa nne wanamfukuza, na akiuliza kosa lake anaambiwa, "Unajua mwenyewe." Hajui. Tangu alipoajiriwa hakuna aliyemkalisha chini akamweleza.

Njia ya Kanuni ya 10 iko hivi. Mwite ofisini, mlango ufungwe, awepo mtu wa utumishi, na yeye aje na mwenzake akitaka.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kaa, mdogo wangu. Nina jambo la kazi. Tarehe 3 umeandika mifuko 200 ya saruji imeingia, hati ya mzigo inasema 180. Tarehe 11 nondo za milimita 12 zimepungua 15, na stakabadhi ya kutoka haipo. Nataka nisikie kwako."

"Bosi, hati huwa inaletwa jioni, mimi nimeshafunga kitabu. Mzigo ukifika dereva ananitajia idadi kwa mdomo, nami naandika alivyosema. Na zile nondo, nilipigiwa simu kutoka kaunta kwamba nitoe, stakabadhi itafuata. Haikufuata."

Majibu hayo yamechukua dakika moja na yamekueleza mambo mawili ambayo miezi minne ya kununa haikukueleza. Dereva anakabidhi mzigo kwa mdomo, na kaunta inatoa bidhaa bila karatasi. Ukimfukuza kijana huyu leo, anayekuja baada yake atapungukiwa na saruji ile ile. Huenda pia ana uzembe wake. Anaandika idadi ambayo hajaihesabu, na hilo umwambie waziwazi. Lakini sasa unamwambia kitu anachoweza kukirekebisha: asiandike mfuko ambao hajauhesabu, asitoe nondo bila stakabadhi hata simu ikipigwa mara kumi, nawe umhakikishie kwamba hatagombezwa akikataa.

Mkimaliza, andikeni karatasi moja. Tarehe, hoja zako, majibu yake, mlichokubaliana, msaada atakaopewa, siku mtakayokutana tena. Asaini, usaini, apewe nakala. Karatasi hiyo ina thamani kuliko mashahidi kumi watakaokuja kusema kijana alikuwa mvivu.

Hapa nizungumzie jambo linaloniudhi kuliko yote katika habari hii. Ni zile fomu za tathmini za miezi mitatu zinazojazwa asubuhi moja, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, baada ya wakili kuuliza nyaraka ziko wapi. Tarehe zinarudishwa nyuma, alama ni mbili kati ya tano kila mahali, na sehemu ya saini ya mfanyakazi imeandikwa "alikataa kusaini". Huo ni uongo kwa maandishi, na anayeujaza mara nyingi ni ofisa utumishi ambaye naye anaogopa kibarua chake kiote nyasi. Ndugu ofisa utumishi, jina na saini kwenye fomu hiyo ni zako. Bosi hatasimama kizimbani kuulizwa juu yake, utasimama wewe.

Baada ya mazungumzo unampa muda. Kanuni haitaji idadi ya siku, inataka muda uwe wa kutosha, na kutosha kunategemea kazi. Lugha mbaya kwa wateja inaweza kuachwa ndani ya wiki. Kujifunza programu mpya ya uhasibu hakumalizwi kwa wiki. Na kama muda wa majaribio unakwisha wakati bado hujamaliza kumpima, unaweza kuuongeza baada ya kushauriana naye. Kumwachia barua mezani yenye maneno "majaribio yameongezwa miezi mitatu" si kushauriana. Muite, mweleze unachotaka kukiona katika muda huo wa nyongeza, msikilize, kisha andikeni.

Umefanya yote hayo na mtu bado hafai? Basi mwachishe. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kubaki na mtu asiyeiweza kazi, wala mimi silitaki hilo, kwa sababu mzigo wa mtu asiyeweza huwaangukia wenzake. Ila mwachishe kwa barua. Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe inapotolewa. Ujumbe wa simu wenye "usije kesho" hauna sababu ndani yake, na mlinzi wa getini aliyeagizwa amzuie mtu asiingie si notisi.

Kuhusu siku za notisi, mabosi na wafanyakazi wote hudanganywa na mikataba yao. Mikataba mingi imenakiliwa kutoka mtandaoni na ina sentensi ya kwamba katika kipindi cha majaribio kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya saa 24. Kasome sheria. Mkataba unaoweza kuvunjwa kwa notisi, notisi yake haiwezi kupungua siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Baada ya mwezi huo, ni siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa walio kwenye majaribio". Kijana wako wa stoo yuko mwezi wa nne na analipwa kwa mwezi, kwa hiyo ana siku 28, au mshahara wake wa siku hizo badala ya notisi. Mkataba unaweza kuziongeza siku hizo, lakini kuzishusha chini ya hapo hauwezi. Tena notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku zake hazihesabiwi pamoja na siku za likizo. Na wewe mfanyakazi uliyepata kazi nzuri zaidi Arusha, siku hizo hizo zinakubana wewe pia. Usizime simu ukapotea.

Halafu malipo. Mlipe mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo kama ipo anayostahili, na notisi kama hukumwacha aifanyie kazi. Kiinua mgongo hatakuwa nacho, kwa sababu hicho huanza kwa aliyetimiza miezi 12. Mpe cheti cha utumishi. Na kama ulimwajiri Songea ukamleta Dar es Salaam, sheria inakutaka umrudishe na mizigo yake mahali ulipomwajiri, au umlipe gharama za kurudi, pamoja na pesa za kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri. Hili la nauli husahaulika kabisa. Unamkuta binti aliyeletwa kufanya kazi hotelini amekaa kwa shangazi Mbagala wiki tatu, anaomba mchango wa nauli, ilhali nauli hiyo ni deni la mwajiri wake.

Kuna mwajiri ambaye atauliza kuhusu michango ya hifadhi ya jamii, kwa sababu yeye huwaambia watu wake, "NSSF tutakuanzishia ukithibitishwa." Sheria haikumpa ruhusa hiyo. Mtu anayefanya kazi na kulipwa ni mfanyakazi tangu siku ya kwanza. Akidondokewa na tofali katika wiki yake ya pili, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauulizi kama alishathibitishwa. Majaribio ni hali ya mkataba wa ajira ambao tayari upo, na ajira hiyo inatakiwa ionekane kwenye karatasi za mshahara na kwenye michango.

Sasa bosi, nakurudisha kwenye ile sababu unayoijua wewe. Kama ni uzembe, nimeshakuonyesha njia. Kama ni jambo jingine, nisikilize vizuri, kwa sababu hapa hakuna kinga ya miezi sita.

Binti wa mapokezi amekutumia ujumbe akakwambia kwa adabu kwamba ni mjamzito. Siku tatu baadaye ukaanza kuona kwamba "hafai". Sheria ile ile ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya ujauzito, jinsi, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, kabila au mahali mtu anapotoka, rangi, utaifa, dini, maoni ya kisiasa, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na mengine. Katazo hilo liko katika sehemu nyingine ya sheria, na kile kifungu cha miezi sita hakiligusi. Linamlinda mtu tangu siku ya kwanza, na hata kabla yake, kwa sababu katika suala la ubaguzi sheria inamhesabu anayeomba kazi kuwa mfanyakazi. Zaidi ya hapo, binti akionyesha mazingira ya awali kwamba amebaguliwa, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba sivyo. Ana ujumbe aliokutumia akikueleza hali yake, ana tarehe, na ana barua yako iliyofuata siku chache baadaye. Wewe una nini? Kama ungekuwa na karatasi za mazungumzo ya miezi iliyopita kuhusu utendaji wake, ungezitoa. Huna, kwa sababu hapakuwa na tatizo la utendaji hadi alipofungua mdomo kusema ana mimba.

Ninalisema hili kwa ukali kwa sababu kipindi cha majaribio ndipo pango la ubaguzi wa namna hii lilipo. Aliyethibitishwa ana ngao na watu wanamwogopa. Aliye kwenye majaribio anaficha tumbo kwa mtandio hadi mwezi wa sita, anakwenda kliniki kwa kuaga kwamba anafuata hati ya shamba, na anabeba maboksi asiyopaswa kubeba kwa kuhofia kuonekana mvivu. Wakunga wetu wanawajua wanawake hawa. Mwajiri anayemfikisha mama hapo asijifiche nyuma ya neno majaribio.

Nimalizie somo la bosi kwa ujanja mmoja ninaousikia sana viwandani na kwenye maduka makubwa. Mtu anaachishwa mwezi wa tano, anakaa nyumbani siku chache, anaitwa tena na kupewa mkataba mpya wenye majaribio mapya, ili miezi sita isitimie kamwe. Kakisome tena kile kifungu ulichokuwa unakitabasamia. Kinasema miezi hiyo ni kwa mwajiri yule yule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Miezi inajumlishwa. Mtu aliyekufanyia kazi miezi mitano, kisha mingine minne kwa karatasi mpya, mbele ya kifungu hicho hahesabiwi kuwa na minne.

Nilisema sitaficha sheria ilipokuegemea, na sifichi pia kwamba naona imekuegemea mno. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaruhusu nchi kuwatoa walio kwenye majaribio katika ulinzi wake, ila kwa sharti kwamba muda huo uwe umejulikana mapema na uwe wa kadiri. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wameuridhia. Kwetu, kwa pamoja, tuna sheria inayomwacha mtu bila ngao kwa miezi 6, kanuni inayoruhusu majaribio hadi 12, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwamba kumalizika kwa muda hakumthibitishi mtu. Mfanyakazi anaweza kukaa kwenye giza hilo mwaka mzima huku akifanya kazi ile ile, saa zile zile, na mwenzake wa meza ya pili aliyethibitishwa.

Majirani zetu wa kaskazini walikuwa na sheria kali kuliko yetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 42, inaruhusu majaribio ya miezi 6, yanayoweza kuongezwa mingine 6 kwa ridhaa ya mfanyakazi, na mkataba huo kuvunjwa kwa notisi ya siku 7 au mshahara wake. Kifungu hicho kilimnyima mtu wa majaribio hata haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, ambayo wenzake wanapewa na kifungu cha 41. Mwezi Julai 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi walitamka kwamba unyimaji huo unapingana na Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya mazoea ya haki kazini na haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki. Walipima swali jepesi: kwa nini mtu asikilizwe akiwa amethibitishwa na asisikilizwe akiwa kwenye majaribio, ilhali ni mtu yule yule na kinachopotea ni mkate ule ule? Hawakuona jibu la kutosha. Mimi pia silioni. Bunge letu lingeweza kuiingiza Kanuni ya 10 ndani ya sheria yenyewe kwa mistari michache, ili mtu wa majaribio aambiwe, asikilizwe na apewe muda bila mawakili kubishana kama kanuni inamfikia. Mwajiri mwema hatapoteza kitu, kwa sababu hayo anayafanya tayari.

Wewe uliyekuwa ukisoma begani, maneno ya mwisho ni yako. Tunza nakala ya mkataba nje ya ofisi. Ukiitwa ukaambiwa kosa kwa mdomo, rudi mezani uandike barua fupi ya heshima: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba..." na utaje tarehe. Ukipewa karatasi usiyokubaliana nayo, saini kwamba umeipokea na uandike pembeni kwamba hukubali yaliyomo. Ukiachishwa, usisaini hati ya kwamba umejiuzulu kwa hiari ili ulipwe mshahara wako. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako hata usiposaini.

Na usikae nyumbani ukisubiri bosi apoe. Chukua Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ijaze, mpelekee mwajiri nakala, uiwasilishe Tume. Mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi una siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Migogoro mingine, ikiwemo ya ubaguzi na ya malipo yako, ina siku 60. Zikipita, utalazimika kwanza kuiomba Tume ikusamehe kuchelewa, na utatakiwa kueleza ulikuwa wapi. Kama barua yako ya kuachishwa iko mkononi unaposoma haya, angalia tarehe yake leo.